Asiyechorwa Hahesabiwi

Watu wengi wakisikia kijana fulani amesomea kompyuta, hudhani kazi yake ni kupiga chapa upesi au kutengeneza mashine zilizoharibika. Jamaa humletea simu iliyozimika, wakamwambia, "Wewe si umesomea mambo haya? Hebu tutazamie." Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ameishika kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini, na hadi leo mamake hana jibu la haja majirani wa Mombasa wakimuuliza mwanawe afanya nini hasa huko Nairobi. Husema tu, "Yuko na kompyuta." Ni kama kusema nahodha yuko na maji.

Majuzi nilikaa kwake siku kumi katika mtaa wa Komarock, upande wa mashariki wa jiji, jirani na Kayole. Hapo ndipo nilipoifahamu kazi yenyewe, nikaona haifai ibaki siri ya wataalamu, maana yatugusa sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani.

Jambo la kwanza lililonistaajabisha ni kwamba mwanasayansi huyu wa kompyuta, kwa siku zote hizo, kompyuta yenyewe aliifungua kwa nadra. Ukuta mzima wa sebule yake ameubandika makaratasi, na juu ya makaratasi hamna ila visanduku na mishale. "Hii ni hospitali, mjomba," akaniambia. Nilitazama nisione kitanda wala muuguzi. Ndipo akaanza kunisomesha kwa kidole, kama nilivyosomeshwa mimi alifu na be chuoni. Kisanduku hiki ni mgonjwa. Kile ni dawa. Kile ni daktari. Mshale huu wasema "ameandikiwa na". Mgonjwa mmoja aweza kuandikiwa dawa nyingi, na dawa moja yaweza kuandikiwa wagonjwa wengi. Lakini kila cheti cha dawa kina daktari mmoja tu aliyekitia saini. Basi ncha za mishale nazo zina alama zake: moja kwa moja, moja kwa wengi, wengi kwa wengi.

Wenyewe huiita kazi hiyo kuunda mfano wa shirika. Mimi nitaiita kuchora ramani, kwani ndivyo ilivyo. Kabla ya programu kuandikwa, sharti atokee mtu wa kusema shirika lile ni kitu gani: nani wamo ndani yake, lina mali gani, nani anampa nani idhini, karatasi gani hutoka wapi ikaenda wapi. Waandishi wa programu huja baadaye, nao hujenga kama walivyochorewa. Kisichokuwa na kisanduku mashine haikioni. Haikikatai wala haikichukii, haikioni tu.

Sisi watunzi hatushangai sana. Kabla ya kuandika neno la kwanza la utenzi, mtunzi ashajua kwamba kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani minane, na kina cha mwisho kitashikwa tangu mwanzo hata tamati. Neno lisiloingia humo, liwe tamu vipi, hubaki nje. Tofauti ni kwamba neno likibaki nje halilali njaa.

Mpwa wangu alisoma Chuo Kikuu cha Nairobi, kule Chiromo, na miaka yake ya mwanzo aliandika programu za mishahara. Ilimchosha. Kila mara programu ilipokamilika, makarani waliikataa, na kila alipowauliza sababu walimjibu, "Sivyo tufanyavyo hapa." Ndipo alipoacha kuanza na mashine akaanza na makarani.

Alinisimulia habari za ghala moja la dawa, mahali ambapo sipataji. Mkubwa wa mahali pale alimweleza kwamba hakuna dawa inayotoka bila saini tatu. Mpwa wangu akaandika saini tatu. Lakini ana desturi ya kukaa na watu wa chini siku nzima, akinywa nao chai, bila ya kuuliza mengi. Ilipofika Ijumaa jioni, mwenye saini ya pili keshakwenda zake, akaja muuguzi mbio kutaka dawa ya mtoto. Karani akainama, akatoa daftari lililokunjika pembe kutoka chini ya meza, akaandika jina na idadi, akampa. Daftari lile, mjomba, akaniambia, ndilo ghala lenyewe. Vitabu vile vya rafuni ni mapambo. Sasa achore lipi? Akichora maneno ya mkubwa, kompyuta itakataa kutoa dawa Ijumaa jioni, na mtoto atakosa. Akichora daftari la chini ya meza, karani atafukuzwa kazi kwa kuvunja sheria. Alikwenda akazungumza na mkubwa faraghani, bila ya kutaja mtu, wakakubaliana pawe na mlango wa dharura, wenye saini moja na maelezo yatakayokaguliwa Jumatatu. Karani hakupata kujua. Naona katika hadithi hiyo elimu ya kompyuta ni robo tu. Zilizobaki ni adabu.

Elimu hii si kongwe. Mwaka wa 1970 Edgar Codd, wa kampuni ya IBM, alieleza namna ya kuziweka habari katika majedwali yanayohusiana. Mwaka wa 1976 Peter Chen, mzaliwa wa Taiwan aliyekuwa akifundisha Marekani, akatoa njia ya kuichora dunia kwa vitu na uhusiano wa vitu. Visanduku vile vya ukutani Komarock ni wajukuu wa karatasi yake. Naye John Zachman, wa IBM pia, mwaka wa 1987 alitaka shirika zima lichorwe kama nyumba inavyochorwa na msanifu. Alianza na maswali matatu, na mwaka wa 1992, pamoja na John Sowa, akayafikisha sita: nini, vipi, wapi, nani, lini, na kwa nini. Mpwa wangu asema wakubwa wengi hukasirika wakifikishwa kwenye la sita.

Lakini aliyepita chuoni utotoni hataiona elimu hii ngeni kabisa. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu, alipoandika kitabu chake cha al-jabri katika karne ya tisa, sehemu kubwa aliitolea masuala ya wasia na mirathi. Na mirathi haigawiwi kabla ya ukoo kuchorwa: nani mrithi, nani anamzuia nani, mume mmoja na wake hadi wanne. Hapo tayari pana mshale wa moja kwa wengi. Ukiukosea mshale, hesabu itatoka sahihi na haki itapotea.

Afrika Mashariki imeshaonja gharama ya kununua mashine kabla ya ramani. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka wa 1965, katika Wizara ya Fedha. Baadaye serikali ikataka hesabu zake zote zifanywe kwa mashine, na kazi ile ikaharibika vibaya, kwa hasara na lawama. Mwaka wa 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila ya idhini maalumu, na marufuku hayo hayakulegezwa mpaka miaka ya 1980. Wako wanaoicheka Tanzania ya wakati ule kwamba iliogopa maendeleo. Mimi siicheki. Mtu aliyeungua ana haki ya kusimama mbali na jiko mpaka ajue moto ulitoka wapi, ijapokuwa ni kweli alisimama mbali muda mrefu mno.

Miongoni mwa waliotafuta moto ulitoka wapi ni Profesa Timothy Waema, aliyepata uzamifu wake Cambridge, kisha akafundisha mifumo ya habari hapo Chuo Kikuu cha Nairobi miaka mingi. Mwaka wa 1994 yeye na Geoff Walsham wa Cambridge walichapisha uchunguzi wao juu ya chama kimoja cha kukopesha watu fedha za nyumba kule Uingereza. Walikifuatilia kwa miaka, wakaonyesha kwamba mpango wa kompyuta hauandikwi mara moja ukatekelezwa kama hati ya ndoa. Hupinda na kunyooka pamoja na wakubwa wanaoingia na kutoka, mila za ofisini, na ugomvi wa nani ana sauti. Kwa msomaji wa kawaida hilo ni jambo la wazi. Kwa wataalamu wa mashine lilihitaji kuthibitishwa.

Na mahali pazuri pa kulifikiria ni hapo hapo Komarock, ambako nako ni kazi ya jamaa wa mikopo ya nyumba, maana mtaa ule ulijengwa na kampuni ya Kenya Building Society. Nyumba zilichorwa za kufanana, kwa ajili ya mtu mwenye mshahara wa mwezi, mke mmoja na watoto wachache, na kiuwanja mbele. Tembea leo uone. Huyu amekigeuza kiuwanja kuwa duka, yule amepandisha vyumba juu ya paa vya kupangisha, wa tatu amezungusha ukuta amfungie mama mkwe jiko lake. Utamkuta bado msanifu wa mwanzo, ukitazama vizuri madirisha ya juu. Lakini wakaazi wamemjibu kwa mawe na saruji. Nyumba ina bahati hiyo. Programu ya serikali huwezi kuiongezea chumba kwa fundi wa mtaani.

Ndiyo maana nilipendezwa na habari za Zanzibar. Katikati ya miaka ya 2000 Wizara ya Afya ya huko, pamoja na watu wa Chuo Kikuu cha Oslo, walianza kuutumia mfumo wa takwimu za hospitali uliozaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi kuanguka. Walifanya jambo jepesi lenye akili: waliwakusanya watumishi wa afya wa wilaya, kila baada ya miezi, kila mmoja asimame mbele ya wenzake na takwimu zake, aulizwe. Mtu akitaja chanjo nyingi kuliko watoto waliopo, wenzake humwuliza ametoa wapi watoto wa ziada. Kwa njia hiyo takwimu zikawa safi, na fomu zenyewe zikarekebishwa na wenye kuzijaza. Mwaka wa 2011 Kenya ikaeneza mfumo wa jamii hiyo hiyo, DHIS2, katika wilaya zote kwa njia ya intaneti, na ilikuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo kwa nchi nzima.

Sasa nije kwetu. Chukua jina. Bwana mmoja, tuseme, ni Said Ali Omar. Mwanawe ni Abdalla Said Ali. Kila Mswahili anaona hapo baba na mwana kama aonavyo kidole na kucha. Lakini fomu iliyochorwa na mtu wa desturi nyingine ina kisanduku cha "jina la ukoo", na kisanduku hicho humeza jina la mwisho. Mwana anakuwa wa ukoo wa Ali, baba wa ukoo wa Omar, na mama, ambaye kwa sheria yetu habadili jina la babake kwa kuolewa, ni wa ukoo wa tatu. Mashine inaona watu watatu wasiojuana. Kampuni moja ya bima, ambayo siitaji, ilimzungusha dada yangu miezi kabla ya kukubali kwamba mpwa wangu ni mwanawe. Na mwana huyo, kumbuka, ndiye anayechora mifumo! Alipowauliza ni kwa nini, aliambiwa kompyuta imekataa. Alicheka kwa uchungu. Kompyuta haikukataa lolote. Alikataa mtu aliyekaa mezani mahali fulani, akachora ukoo mmoja tu duniani, wa kwake.

Hilo la jina ni usumbufu. La kabila lilikuwa zito zaidi. Fomu ya kuombea kitambulisho cha Kenya huuliza kabila, na makabila yana orodha. Wamakonde waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa na kujukuu Kwale, hawakuwamo katika orodha. Ilibidi waandamane kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka wa 2016 ndipo wakaanza kupewa vitambulisho, na mwaka uliofuata wakatajwa kabila la 43. Wapemba nao, wavuvi tunaowajua wote, wamekaa katika fuo za Kilifi na Kwale vizazi kwa vizazi, wakitulisha samaki. Na kwa daftari hawakuwako. Mpemba asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, na cheti cha kuvulia hukipata kwa kuomba jina la mtu. Mwaka wa 2023 ndipo serikali ilipowatambua, na mwezi wa Julai mwaka huo Kilifi wakaanza kukabidhiwa vitambulisho. Kwa lugha ya mpwa wangu, ilikuwa ni kuongeza mstari mmoja katika orodha. Kazi ya dakika. Wazee wangapi walizikwa wakiungojea mstari ule?

Kisha likaja lile daftari kubwa kuliko yote. Sheria ya mwaka wa 2018 ilianzisha mfumo wa kuwaandika watu wote mahali pamoja, na katika miezi ya Aprili na Mei 2019 tulipanga foleni za Huduma Namba. Waliokwenda mahakamani kuupinga, Wanubi wa Nubian Rights Forum wakiwa mbele, hawakusema kompyuta ni haramu. Walisema: sisi tunaosailiwa kuliko wengine ili tupate kitambulisho, mkiunganisha kila huduma na namba moja, mlango ule mmoja ukitufungia utatufungia yote. Januari 2020 Mahakama Kuu iliruhusu kazi iendelee kwa sharti kwamba pawe na sheria madhubuti za kuulinda mfumo, na ikakataza kuchukuliwa kwa DNA na alama za mahali mtu anapokaa. Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi, kwa kuwa serikali haikupima kwanza madhara ya mfumo kwa siri za watu kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka wa 2019. Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto naye alitangaza kuondolewa kwa usaili wa ziada uliokuwa ukiwakabili watu wa kaskazini.

Mpwa wangu alinichorea kisa kimoja cha huko kaskazini nyuma ya bahasha. Visanduku viwili: raia, mkimbizi. Alama za vidole za mtu mmoja huingia katika kimoja tu. Ramani safi, yapendeza macho. Lakini wakati wa ukame, familia za Wakenya wa Garissa zilikwenda kujiandikisha kambini Dadaab ili wapate chakula na matibabu, na watoto wakatiwa vidole pamoja na wazazi. Watoto wakakua. Walipofika miaka kumi na minane wakaenda kuomba kitambulisho, mashine ikawajibu: ninyi ni wakimbizi. Watetezi wa haki wamekadiria kwamba watu hao walifika 40,000. "Aliyechora hakukosea hesabu, mjomba," akaniambia. "Hakuwahi kuona njaa."

Wala si kwamba kuongeza kisanduku hakuwezekani. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, Kenya iliweka mahali pa wale ambao maumbile yao si ya kiume tu wala ya kike tu, na watu 1,524 wakaandikwa. Baadhi ya wenzetu walinung'unika. Nami nikawakumbusha kwamba huntha ana mlango wake katika vitabu vya mirathi tangu kale, na mafakihi hawakumpa fungu lake kwa kujifanya hayuko.

Siku yangu ya mwisho Komarock nilimkuta mpwa wangu na mwalimu wa madrasa ya mtaa wa jirani, aliyekuja kuomba msaada wa daftari la wanafunzi. Hakulipwa kitu kwa kazi hiyo. Jina amelipa kisanduku kimoja kirefu, liandikwe kama mtoto anavyoitwa nyumbani. Baba ameunganishwa kwa mshale, si kwa jina, na mshale ule ule waweza kwenda kwa mlezi, kwa sababu mayatima ni wengi. Mwalimu akatazama kwa makini, kisha akauliza: na yule mtoto aliyeletwa na bibi yake, ambaye siku aliyozaliwa haijulikani, ataandikwaje? Mpwa wangu alifikiri kidogo. Akachukua raba, akafuta neno "tarehe", na mahali pake akaandika "mwaka, au tukio".

"Bibi yake asemaje?" akauliza.

"Asema alizaliwa wiki ile bei ya unga ilipopanda, mvua ya vuli ikichelewa."

"Liandike hivyo hivyo," akasema, na kumsogezea kalamu.